Kutoka Lamu hadi Kipungani kwa miguu: safari ya siku moja ufuoni

Anayetafuta njia ya kupita juu ya majabali huku bahari ikipiga chini hataipata kisiwani Lamu. Upande wetu wa bahari kuu ni mchanga, na vilima vyake ni vya mchanga pia. Kilichopo ni ufuo wa kilomita 12 hivi, unaoanzia Shela na kuelekea kusini-magharibi mpaka karibu na Kipungani, kijiji cha wasuka mikeka kwenye ncha ya pili ya kisiwa. Ukianzia Mkunguni, mbele ya Ngome ya mji wa Lamu, ongeza kilomita 3 za kufika Shela, na mwishoni ongeza kipande cha kutoka ufuoni kuingia kijijini. Jumla yake haipungui kilomita 16.

Mtu mwenye afya ya kawaida anaimaliza njia hiyo kwa saa tano, mapumziko yakiwemo, kwa sharti moja: awe amechagua siku kwa kuangalia maji. Maji yakipwa, unatembea juu ya mchanga mgumu kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa bila kujisukuma. Yakijaa, mchanga mgumu wote uko chini ya mawimbi, unabaki na ule laini ulio chini ya vilima, na mwendo unashuka hadi kilomita 2 na nusu kwa saa au pungufu. Ufuo ule ule wa saa tatu unageuka kuwa wa saa tano, juani, pasipo mti. Karibu kila anayerudi akilalamika kwamba njia ya Kipungani ni ngumu, ukimuuliza maji yalikuwaje siku hiyo, hajui.

Siku ichaguliwe kwa mwezi

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Nguvu yake hufikia upeo siku moja au mbili baadaye. Siku hizo bahari hupanda na kushuka karibu mita 3, na ufuo hufunuka mpana. Katikati ya bamvua mbili, mwezi ukiwa nusu, ndipo huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Bahati nzuri ya pwani hii ni kwamba saa za bamvua ni zile zile mwaka mzima, tofauti ni ndogo tu. Maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi. Saa hiyo ya kupwa ndiyo unayotaka ikukute katikati ya safari. Kisha kila siku saa husogea mbele, kwa wastani dakika 50: leo yakipwa saa 4:30, kesho tarajia saa 5:20 hivi. Kufikia maji mafu mambo yamegeuka. Asubuhi yanajaa, na yanapwa alasiri, wakati ambao ungepaswa kuwa tayari chomboni unarudi.

Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, basi, siku nzuri ni tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17. Epuka tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24. Mvuvi yeyote anayeketi Usita wa Pwani, njia ya mjini iliyo kando ya bahari, atakupa hesabu hii bila kutazama karatasi, na ni vizuri umuulize hata kama una jedwali la maji kwenye simu. Majedwali ya simu yana mitego miwili. Wa kwanza ni bandari: hakikisha ni Lamu iliyoandikwa. Wa pili ni saa. Jedwali likisema 10:40 lina maana ya saa 4 na dakika 40 asubuhi, na wapo waliopanga safari nzima wakiwa wamekosea kwa saa sita, yaani maji yaliyojaa wakidhani yamepwa.

Baada ya mwezi tazama msimu. Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi unavuma kaskazi. Unakuja kwa mgongoni unapoelekea Kipungani, bahari ni tulivu zaidi, lakini jua ni kali. Juni hadi Septemba ni kusi: kuna ubaridi mzuri wa kutembea, ila upepo unakupiga usoni na begani kushoto, na ukizidi unarusha mchanga unaochoma macho na miguu. Mawimbi nayo yanakuwa makubwa. Masika, Aprili na Mei, acha kabisa. Mvua yenyewe inavumilika. Tatizo ni kwamba vyombo vingi havitaki kwenda upande huo, na ukikwama Kipungani umekwama kweli. Ukiniuliza mwezi mmoja wa kuchagua nitasema Septemba mwishoni kuingia Oktoba, kusi ikiwa imepoa na joto halijapanda.

Mipango ya siku moja kabla

Usiende peke yako. Sehemu ya katikati ya ufuo haina nyumba, haina duka, haina mtu, na visa vya watu kuporwa kwenye ufuo mtupu vimewahi kutokea. Watu wanne ni kiasi kizuri. Mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili huenda kutafuta msaada. Ikiwa nyote ni wageni, chukueni kijana wa Shela au wa Kipungani anayeijua njia. Ulizeni pia hali ya usalama kwa wenyeji na kwa polisi kabla ya kuondoka, maana katika kaunti hii maelekezo hubadilika. Vito, kamera za bei na pesa nyingi ziache ulikolala. M-Pesa kwenye simu na noti ndogondogo zinatosha.

Jambo la pili ni chombo cha kurudi. Kurudi kwa ufuo ule ule siku hiyo hiyo ni zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, na maji yatakuwa yanajaa. Hilo si la kufikiria. Patana na nahodha jioni ya siku iliyotangulia, uso kwa uso, na mambo manne yaeleweke: mahali, saa, bei ya chombo kizima (si ya kila mtu), na mafuta ni ya nani. Lipa nusu, nusu nyingine ukifika Lamu. Kuhusu mahali, sema "Kipungani kijijini". Ukisema "mwisho wa ufuo" kila mtu ana mwisho wake, na watu wamewahi kukaa saa nzima wakimsubiri nahodha aliyekuwa akiwasubiri wao ng'ambo ya kona. Kuhusu saa, sema saa 9 alasiri. Kwa siku ya bamvua maji yanaanza kujaa tangu adhuhuri, na kufikia saa 9 mkondo wa mikoko una kina cha kutosha. Ukitaka kuondoka saa 7, chombo kitakwaruza mchanga na mtashuka kusukuma.

Ijumaa chagua tu ikiwa huna siku nyingine. Kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana wanaume wako msikitini, na huwezi kumdai nahodha wakati huo. Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, lakini nahodha aliyefunga ana haki ya kuwa nyumbani kabla ya futari. Sogeza saa ya kurudi iwe mapema kadiri maji yanavyoruhusu.

La mwisho ni chakula cha mchana kijijini. Kipungani si mahali pa kufika na kuagiza. Nahodha au kijana wa njia apige simu mapema, aseme ni watu wangapi, na wali wa nazi na samaki vitakuwa tayari. Bila taarifa, mtakaa zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu nazi itaanza kukunwa mkishafika.

Cha kubeba

Maji ya kunywa: lita 4 kwa kila mtu, na usikubali kupunguziwa. Baada ya Shela hakuna pa kununua wala kuteka. Yagawe kwenye chupa za lita moja badala ya dumu moja, ili dumu lisipasuke mkakosa yote, na ili kila mtu aone amekunywa kiasi gani. Mwendo mzuri ni chupa moja kwa kila saa ya ufuoni. Beba na pakiti mbili za dawa ya kurudisha maji mwilini. Anayetokwa na jasho jingi na kunywa maji matupu hulegea na kuumwa kichwa ingawa tumbo limejaa maji, kwa kuwa chumvi imemtoka.

Chakula kiwe kikavu na kisichooza: mkate wa mofa, mahamri, tende, ndizi, viazi vya karai vya asubuhi hiyo. Nyama na vitu vya tui viache. Kwenye mkoba wenye joto tui huchacha kabla ya adhuhuri.

Viatu ndipo wengi hukosea. Champali hazifai, kwani kila hatua hukurushia mchanga mgongoni, na ugwe ukikatika uko kilomita 6 kutoka popote. Makubadhi ya ngozi ni mazuri mjini, lakini yakilowa maji ya chumvi mkanda hukaza na kuchubua. Kwenye mchanga mgumu uliolowa tembea pekupeku kama umezoea. Kama hujazoea, vaa viatu vya plastiki vilivyofungwa nyuma, au raba na soksi nyembamba. Hata mzoefu wa pekupeku awe na viatu mkobani. Ikifika saa 6 mchana mchanga mkavu wa juu huunguza nyayo, na ndio utakaokatiza kuelekea kijijini.

Mavazi: shati la mikono mirefu, suruali au kikoi kinachopita magoti, kofia yenye ukingo au ya ukili iliyofungwa kwa kamba. Beba leso moja ya ziada. Ukiilowesha maji ya bahari na kuizungusha shingoni inapoza mwili kuliko chochote, na ikifungwa kwenye vijiti viwili ndiyo kivuli pekee mtakachopata. Jambo la kukumbuka ni mwelekeo. Ukienda Kipungani bahari iko kushoto, na jua la asubuhi nalo liko kushoto na nyuma yako. Wanaopaka mafuta ya jua usoni tu huishia na sikio la kushoto, shingo ya nyuma na muundi wa kushoto vimeiva. Paka huko kwanza.

Simu ijazwe chaji, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na ramani ipakuliwe kabla. Ongeza kisu, plasta, bendeji moja na mfuko wa takataka. Basi. Mkoba ukizidi kilo 7 pamoja na maji, punguza.

Lamu hadi Shela

Ondoka Mkunguni saa 12 na nusu asubuhi. Shika Usita wa Pwani kuelekea kusini, bahari kushoto, upite mtaa wa Langoni na hospitali ya King Fahd, kisha nyumba zinapungua. Ni mwendo wa dakika 40 hadi 50. Ikiwa maji bado yako juu, sehemu za karibu na Shela hupigwa na mawimbi hadi ukutani, na mawe yenye majani ya kijani huteleza vibaya. Rudi hatua chache ushike njia ya ndani inayopita nyuma ya majengo. Usijaribu kupita kwa kuruka kati ya wimbi na wimbi ukiwa na mkoba mgongoni. Anayetaka kuweka akiba nguvu zake apande mashua ya abiria. Bei ni ndogo mkijaa, na ulizeni kabla ya kukanyaga chomboni.

Shela kunywa chai, jaza chupa, nenda msalani. Kisha tenga dakika 20 kuutazama msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829, wenye mnara mweupe mnene unaochongoka juu, tofauti na misikiti mingi ya kale ya pwani hii, ambayo haina mnara kabisa. Vichochoro vya Shela ni vya mchanga na vina kivuli. Ni kijiji kizuri kuliko vyote kisiwani kwa macho, na kama siku imeharibika kwa maji au kwa mvua, kuishia hapa si hasara.

Ukitoka Shela kuelekea ufuoni, hapo ndipo vilipopiganwa Vita vya Shela, karibu mwaka 1812, jeshi la Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate lilipokuja kuitwaa Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema waliposhindwa walikimbilia majahazi yao wakayakuta yamekaa mchangani, maji yamepwa, na wengi waliuawa hapo hapo pwani. Ushindi huo ndio uliowasukuma watu wa Lamu kutafuta himaya ya Seyyid Said wa Omani, na Ngome uliyoianzia safari ilimalizika miaka michache baadaye, karibu 1821. Mifupa huonekana vilimani upepo unapohamisha mchanga. Ukiiona, iache ilivyo, usipige picha za mchezo.

Ufuoni

Uwe umeanza ufuo saa 2 asubuhi, si baada ya saa 2 na nusu. Maji yatakuwa yanatoka na mchanga mgumu unafunuka mbele yako.

Kuchagua mahali pa kukanyaga ni ujuzi wa dakika chache. Mchanga mkavu mweupe wa juu ni laini. Ule unaong'aa maji mbele kabisa ya wimbi nao ni laini, kwa kuwa maji yangali ndani yake. Mgumu ni wa kati: umelowa lakini haung'ai, rangi yake imekolea, na ukikanyaga, pembeni mwa unyayo panakauka ghafla kisha panarudi kulowa. Kisigino kikizama zaidi ya upana wa vidole viwili, sogea hatua tano kuelekea majini ujaribu tena. Angalia pia mteremko. Ufuo umeinama kuelekea baharini, na ukitembea saa tatu mguu wa kushoto ukiwa chini kuliko wa kulia, nyonga na goti vitakuuma usiku. Chini zaidi, maji yakiwa yamepwa sana, mchanga unakuwa sawa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka bamvua.

Tembea dakika 50, pumzika 10. Usisubiri kuchoka. Hakuna alama za kukuonyesha umefika wapi. Kilima kinafanana na kilima, na macho hudanganywa kuamini kwamba kona ile pale ndiyo mwisho. Tumia saa na ramani ya simu. Kanuni ya kurudi ni hii: saa ya kupwa kabisa ikikukuta hujapita kilomita 6, geuka urudi Shela. Ukiendelea, maji yatajaa ukiwa mbali na pande zote mbili. Kurudi Shela siku hiyo ni uamuzi wa busara, na chombo unaweza kukighairi kwa simu.

Kuoga: oga karibu na Shela au usioge. Ufuo huu unatazama bahari kuu na una mikondo inayovuta nje, hasa wakati wa kusi. Mahali penye mkondo mara nyingi ndipo panapoonekana patulivu, pengo lisilo na povu kati ya mawimbi mawili, na ndipo mgeni anapochagua kuingia. Ukivutwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuo mpaka uvuke, kisha ndipo uelekee nchi kavu. Ukiguswa na konyeza, osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kijiti, na usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji baridi ya kunywa. Vyote viwili huzidisha sumu.

Vilima vina kazi kubwa kuliko uzuri wake. Maji ya mvua huzama ndani ya mchanga ule, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa. Visima vya Shela vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea akiba hiyo. Kinachoshikilia mchanga usipeperuke ni yale majani yanayotambaa na vichaka vya juu. Ukitaka kupanda uone mandhari, panda mahali pamoja palipo na mchanga mtupu, shuka hapo hapo, na usiteleze juu ya majani. Ukikuta mburuzo mpana kutoka baharini hadi chini ya kilima, wenye alama za makasia pande mbili, ni kasa aliyepanda usiku kutaga. Upite kwa mbali, usichimbe, na usiweke kijiti cha kuonyesha mahali.

Dalili za jua kumzidi mtu ni maneno kuwa machache, hatua kuyumba, kichwa kugonga, kichefuchefu, na ngozi kuwa ya moto. Simama mara moja, fanya kivuli kwa leso, mlaze, mloweshe shingo, makwapa na kinena kwa maji ya bahari, mpe maji yenye dawa ya chumvi kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza na piga simu ya msaada. Sala ikiwakuta ufuoni, maji ya bahari yanafaa kwa udhu, kwa hiyo ya kunywa yasiguswe.

Kuingia Kipungani

Utajua umekaribia mawimbi yanapopungua na ufuo kuanza kukunja kulia. Hapo kisiwa kinatazamana na bara, na mikoko inaanza. Bado hujafika. Kijiji kiko ndani zaidi, kando ya mkondo, na ukijaribu kufuata ukingo wa maji utaishia kwenye tope la mikoko linalofika magotini. Shika kijia cha nchi kavu, vaa viatu, na uliza wa kwanza utakayemwona.

Kabla ya nyumba ya kwanza jifunike mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Toa salamu kwa kila baraza unayoipita: "Asalaam alaykum", na kwa wazee "Shikamoo". Ukipita kimya na kamera mkononi mlango unafungwa, na ni haki yao. Picha iombwe. Ikikataliwa, shukuru, endelea.

Kipungani ni kijiji cha makuti na minazi, na kazi yake ni ususi. Kina mama huchana majani ya mkindu kuwa chane nyembamba, huyakausha, mengine huyatia rangi, kisha huyasuka kuwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa. Ukili huo ndio hushonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka, kapu au kofia. Ukitaka kununua, kaa chini kwanza uangalie. Geuza mkeka utazame upande wa chini: mshono uwe umekaza, na mistari miwili ya ukili isiachane ukiivuta kwa vidole gumba. Chane ziwe na upana mmoja. Zikiwa pana hapa na nyembamba pale, mkeka utapinda ukilowa. Lowesha kidole usugue sehemu yenye rangi. Ikitoka sana leo, itatoka kwenye kanzu ya mgeni wako kesho. Ukishikilia mkeka mwangani, usione vitundu. Mkeka mzuri wa kulalia ni kazi ya siku nyingi, kwa hiyo bei iombwe punguzo mara moja, kwa adabu, na ukikataliwa ulipe. Ununue kwa aliyesuka mwenyewe. Mchuuzi wa Lamu atakuuzia ghali zaidi, na msusi hatapata nyongeza hiyo. Mkeka unaviringishwa, haukunjwi, na chomboni ukae juu ya mbao za kukalia, mbali na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo.

Kurudi

Saa 8 na nusu mwe mmeshakula na mko karibu na chombo. Njia ya kurudi inazunguka nyuma ya kisiwa, katikati ya mikoko, na kupita mbele ya Matondoni kabla ya kufika Lamu. Tenga saa mbili hata kama chombo kina mashini, kwa sababu pahala penye fungu la mchanga nahodha hupunguza mwendo, na ni vyema afanye hivyo. Jua huzama kati ya saa 12 na dakika 5 na saa 12 na dakika 40, kwa hiyo ukiondoka saa 9 una nafasi nzuri. Ukiondoka baada ya saa 10 na nusu utaingia giza mkondoni. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Kama chombo hakina, hilo lilipaswa kuulizwa jana.

Muda ukiruhusu, mwombe nahodha atie Matondoni nusu saa. Ni kijiji cha mafundi wa majahazi, na kama kuna chombo kwenye magogo utaona wakikalafati: pamba iliyopakwa mafuta ikigongwa kwa patasi butu ndani ya kila mwanya wa mbao, pole pole, upande mzima. Usikanyage mbao zilizopangwa chini na usishike zana bila kuulizwa.

Chombo kisipokuja hadi saa 10, na simu haishikwi, usiendelee kusubiri. Uliza chombo kingine kijijini. Kikikosekana, kuna barabara ya mchanga ya kupitia Matondoni, na bodaboda huipita. Patana bei kabla ya kupanda, mtu mmoja kwa pikipiki, mkoba ukae kati yako na dereva, mkeka ufungwe kwa urefu ubavuni na usikingame, maana njia ina vichaka. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya mji wa kale, hivyo mwambie akushushe ukingoni, na kutoka hapo ni kwa miguu hadi Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji.